Malaria na Taifodi

Kila aliyekulia mjini Tanzania ameshawahi kusikia majibu haya, yakiwa yake mwenyewe au ya mtu wa nyumbani: "Umekutwa na malaria mbili, na taifodi." Homa ina siku tatu, kichwa kinagonga, mdomo mchungu, viungo vimelegea. Unachomwa kidole, unatolewa damu mkononi, unakaa kwenye benchi kama nusu saa, kisha mtu wa maabara anakupa karatasi yenye mistari miwili. Mstari wa kwanza unataja wadudu wa malaria. Wa pili una herufi O na H na namba kama 1:160. Unaondoka na mseto wa siku tatu na sipro ya wiki nzima. Ukimwandikia bosi ujumbe kwamba una malaria na taifodi, hakuulizi swali. Magonjwa haya mawili tumezoea kuyataja kwa pumzi moja, kama kurwa na doto.

Ukilitazama vizuri, jambo lenyewe linashangaza. Malaria huletwa na mbu. Taifodi humezwa, kwa maji au chakula kilichoguswa na kinyesi. Ili karatasi ile iwe sahihi, njia mbili zisizohusiana lazima zimkute mtu mmoja katika wiki moja. Hilo linawezekana. Lakini linatokea mara nyingi kiasi hicho? Swali hili lina zaidi ya miaka 160, na lilianza mbali sana na benchi letu, kwenye mahema ya wanajeshi.

Mwaka 1862 Marekani ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jeshi la Kaskazini lilikuwa limekwama Virginia, kando ya mto Chickahominy, kwenye mabwawa na matope, na askari walikuwa wakianguka kwa homa. Madaktari walishindwa kuipa jina. Malaria waliyoijua ilikuja kwa zamu: leo baridi na jasho, kesho nafuu, keshokutwa tena. Taifodi ya vitabuni ilipanda taratibu kama mtu apandaye ngazi, ikabaki juu kwa wiki kadhaa. Homa ya Chickahominy ilikuwa na tabia za zote mbili. Daktari kijana wa ofisi ya Mganga Mkuu wa Jeshi mjini Washington, Joseph Janvier Woodward, akapendekeza neno la kuziunganisha, ambalo kwa Kiswahili tungeliita homa ya taifo-malaria. Mwaka huohuo likaingizwa kwenye fomu rasmi za kuhesabia wagonjwa wa jeshi.

Tusimcheke Woodward. Alikuwa miongoni mwa watu hodari kabisa wa hadubini nchini mwake, na mmoja wa waanzilishi wa kupiga picha kupitia hadubini. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua atafute nini kwenye damu. Malaria, kama jina lake la Kiitaliano linavyosema, ilidhaniwa kuwa hewa mbaya inayotoka kwenye mabwawa. Kama ugonjwa ni hewa, hakuna ajabu hewa mbili zikichanganyika ndani ya kifua kimoja. Mwaka 1876, kwenye mkutano wa kimataifa wa madaktari huko Philadelphia, Woodward alijaribu kufafanua kwamba hakukusudia kutangaza ugonjwa mpya; lilikuwa neno la kukusanya kesi zenye mchanganyiko. Alikuwa amechelewa. Fomu ikishakuwa na kisanduku, madaktari watakijaza, na kisanduku hiki kilikuwa na utamu wa pekee: aliyekijaza hakosei. Mgonjwa akipona kwa kwinini, ilikuwa malaria. Akifa, ilikuwa taifodi.

Miaka minne baadaye, mwaka 1880, vimelea vyote viwili vilionekana. Huko Constantine, Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliona mnamo Novemba 6 vijidudu vinavyojitikisa ndani ya damu ya askari mwenye malaria. Mwaka huohuo Karl Eberth alieleza bakteria wa taifodi, na mwaka 1884 Georg Gaffky akafanikiwa kuwaotesha peke yao. Hapo mjadala ungeweza kwisha. Mgonjwa ana kimelea hiki, au kile, au vyote, au hana kimoja. Angalia tu. Ila kumwona bakteria wa taifodi ilikuwa kazi ya siku nyingi, na daktari mwenye wagonjwa hamsini hana siku nyingi.

Mwaka 1896 akatokea Fernand Widal, Mfaransa aliyezaliwa Dellys, Algeria, mwaka uleule wa 1862 ambao Woodward alitunga neno lake. Kipimo chake kilikuwa rahisi na cha haraka. Chukua majimaji ya damu ya mgonjwa, yachanganye na bakteria wa taifodi. Kama mwili wa mgonjwa umeshakutana na bakteria hao, kingamwili zake zitawashika na kuwakusanya mabonge mabonge. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuitafuta taifodi kwa tone la damu. Ndicho kipimo hichohicho, kikiwa na mabadiliko machache, kinachoandika zile herufi O na H kwenye karatasi yako.

Kilipata mtihani mkubwa miaka miwili baadaye. Marekani ilipopigana na Hispania mwaka 1898, makumi ya maelfu ya vijana waliojitolea waliwekwa kwenye kambi za mafunzo ndani ya nchi yao, na homa ikawavamia kabla hawajaona adui. Madaktari wa kambi waliandika malaria, wakaandika taifo-malaria. Serikali ikaunda tume ya watu watatu: Walter Reed, ambaye baadaye angepata jina kwa kazi yake ya homa ya manjano huko Cuba, Victor Vaughan na Edward Shakespeare. Walizunguka kambi na hadubini, wakatazama damu ya wale walioitwa wagonjwa wa malaria. Vimelea vya malaria vilikuwa adimu kabisa. Wakatumia pia kipimo cha Widal, na wakafuatilia homa hema kwa hema. Ilikuwa taifodi, ikisambazwa na mikono michafu, nzi na vyoo vilivyojaa. Zaidi ya askari 20,000 waliugua, zaidi ya 1,500 wakafa, na madaktari wa kambi walikuwa wameitambua taifodi kwa usahihi katika karibu nusu tu ya kesi. Kwa miaka 36 jina la mchanganyiko lilikuwa limewaruhusu watu wasichunguze maji na vyoo, kwa kuwa nusu ya lawama ilikwenda kwenye hewa ya mabwawa.

Basi taifo-malaria ikafutwa vitabuni. Ninachokiona cha ajabu katika historia hii ni kwamba silaha iliyosaidia kuiua huko ndiyo inayoiweka hai kwetu.

Sababu ipo ndani ya kipimo chenyewe. Widal haimwoni bakteria. Inaona kumbukumbu ya mwili. Katika kambi ya vijana ambao wengi wao hawajawahi kuugua taifodi, kumbukumbu hiyo ina maana kubwa. Katika mji ambao maji ya bomba na ya chooni hukaribiana kila msimu wa mvua, wengi wetu tunatembea na kumbukumbu hiyo tukiwa wazima. Bakteria ndugu wa taifodi, ambao ni wengi, wanaweza kuiamsha. Malaria yenyewe, kwa jinsi inavyouchochea mwili kutoa kingamwili za kila aina, inaweza kuiamsha pia. Ndiyo maana kanuni ya zamani ilitaka damu ichukuliwe mara mbili, kwa kupishana siku kumi hadi kumi na nne, ili ionekane kama kiwango kimepanda. Nani anarudi kupimwa taifodi baada ya siku kumi na nne? Ama amepona, ama amezikwa.

Watafiti wa Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga, walikichunguza kipimo hiki kwa watoto waliolazwa na kuchapisha majibu mwaka 2010. Walilinganisha Widal na njia ya kuotesha damu, yaani kuiweka damu kwenye chupa ya chakula cha bakteria na kusubiri wakue. Kwa kiwango cha 1:80, kati ya kila watoto wanne ambao Widal ilisema wana taifodi, kama mmoja tu ndiye aliyethibitika. Na kati ya kila wanne waliokuwa nayo kweli, mmoja ilimpita. Hiyo ilikuwa maabara ya utafiti, inayotumia mirija na vipimo makini. Kwenye vituo vingi vya mtaani kinachotumika ni tone moja la rangi juu ya kigae, na jicho la mtu aliyechoka. Kuotesha damu nako hakujakamilika: hata mikononi mwa wataalamu huwakosa wengi wenye taifodi, hasa kama mgonjwa ameshameza antibiotiki za duka la dawa kabla ya kufika.

Mstari wa kwanza wa karatasi nao una mambo yake. Kwenye maeneo ya malaria nyingi, mtu mzima anaweza kuwa na vimelea kwenye damu bila kuumwa. Mwili umezoeana navyo. Akipata homa kwa sababu nyingine, hadubini itaviona vimelea vilevile vya jana na juzi, na kesi itafungwa. Kipimo cha haraka, kile cha kitepe, hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Kwa hiyo karatasi inaweza kusema kweli katika mistari yote miwili, malaria ipo na kingamwili za taifodi zipo, huku kinachompandisha mtu joto hadi nyuzi 40 kikiwa kitu cha tatu kisichoandikwa popote.

Ni nani anayelipia kosa hilo? Mwaka 2004 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali kumi za Tanzania. Waliangaliwa wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa mahututi na kutibiwa malaria. Damu yao ilipotazamwa upya kwa umakini, waliokuwa na vimelea walikuwa 2,062, chini ya nusu. Miongoni mwa waliokuwa na malaria kweli, walikufa asilimia 6.9. Miongoni mwa wasiokuwa nayo, walikufa asilimia 12.1. Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Watu 292 walifariki wakitibiwa ugonjwa ambao hawakuwa nao, na wapo ambao hawakupewa antibiotiki yoyote hadi mwisho.

Kisha ukaja utafiti wa Moshi, na huu ndio unaonifanya nisiweze kuisikia sentensi ya "malaria na taifodi" kwa utulivu. Mwaka 2007 na 2008, watoto na watu wazima 870 waliolazwa na homa KCMC na Mawenzi walipimwa karibu kila kitu ambacho sayansi ilikuwa nacho. Wauguzi na madaktari walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528. Walioumwa malaria walikuwa 14. Ni kweli Moshi iko juu na malaria yake ni kidogo, lakini pengo hilo halielezeki kwa mwinuko peke yake. Katika waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokanayo na wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo: 40 walikuwa na leptospirosisi inayotoka kwenye mkojo wa panya na mifugo, 36 walikuwa na homa za jamii ya zile zinazoenezwa na kupe, 24 na homa ya Q, 16 na brusela. Wengine 55 walikuwa na chikungunya. Kati ya wote hao, hakuna hata mmoja ambaye ugonjwa wake ulikuwa umetajwa, hata kama dhana tu, kwenye karatasi ya kulazwa.

Chikungunya! Jina hilo ni la Kimakonde, lenye maana ya kukunjamana, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa. Ugonjwa ulielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Newala, ambako maji yalikuwa ya shida, watu wakiyafuata mbali bondeni na kuyahifadhi ndani kwenye mitungi, na mbu wakazaliana humo. Marion Robinson aliandika dalili zake, W. H. R. Lumsden akaandika jinsi ulivyosambaa, na virusi vyenyewe vikatolewa kwenye damu ya wagonjwa wa hukohuko. Dunia nzima ilijifunza neno hilo kutoka kwetu. Miaka 55 baadaye, katika nchi ileile, hakuna aliyelikumbuka mgonjwa alipofika mapokezi.

Leptospirosisi nayo ilisubiri zamu yake. Julai 2022, wilayani Ruangwa, Lindi, watu walianza kuugua homa, kuchoka na kutokwa damu puani. Vipimo vya Ebola na Marburg vikatoka hasi. Kwa siku kadhaa ikaitwa ugonjwa usiojulikana, hadi ilipobainika na kutangazwa kwa jina jipya, homa ya mgunda, ambako mgunda ni shamba kwa lugha za kusini. Wagonjwa walikuwa 20, watatu wakiwa wamefariki. Mara nyingi tunaambiwa magonjwa haya "yameingia". Takwimu za Moshi zinaonyesha kwamba leptospirosisi ilikuwa imelazwa wodini miaka kumi na minne kabla, chini ya jina jingine.

Mpaka hapa msomaji anaweza kuhitimisha kwamba lile neno "na" ni uzushi mtupu, kwamba homa mbili kwa mtu mmoja ni hadithi ya Woodward iliyohamia kwetu. Mambo hayakai hivyo, na ndipo historia hii inaponinogea.

Mwaka 2008 watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa Dar es Salaam na Ifakara, wote wakiwa wagonjwa wa nje. Malaria ilikuwa asilimia 10.5, taifodi asilimia 3.7, na kilichoongoza kwa mbali kilikuwa maambukizi ya njia ya hewa. Hata hivyo, asilimia 22.6 ya watoto hao walikuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Karibu mtoto mmoja kwa kila wanne au watano! Michanganyiko ipo tele. Ni ile tuliyoizoea kuitaja ndiyo isiyolingana na hesabu.

Na upo mchanganyiko mmoja unaomkaribia Woodward kwa namna ya kutisha. Mwaka 1929 George Giglioli, daktari aliyekuwa akifanya kazi Guyana chini ya Waingereza, alieleza homa ya bakteria ndugu wa taifodi, paratifodi C, ambayo aliona inaandamana na malaria. Hospitali Teule ya Muheza iliuona uhusiano wa jamii hiyo kwa macho yake. Kati ya Juni 2006 na Mei 2007, watoto 3,639 waliolazwa pale na homa walioteshwa damu. Waliokuwa na vimelea vya malaria walikuwa 2,195. Miongoni mwao, 100 walikuwa na bakteria kwenye damu pia, wakati huohuo, na katika hao 100, 52 walikuwa na salmonela zisizo za taifodi, zile ambazo kwingine duniani humharisha mtu siku mbili na kumwacha. Ndani ya mtoto mwenye malaria hupenya hadi kwenye damu. Sababu mojawapo imeonekana kwa panya wa maabara: malaria inapopasua seli nyekundu, mabaki yake humfanya mwili ujikinge na sumu ya mabaki hayo, na kinga hiyo inazipunguza makali seli nyeupe zinazoua bakteria. Mlinzi mmoja amenyang'anywa rungu ili asivunje vyombo, na mwizi akapita. Malaria ilipopungua Muheza katika miaka iliyofuata, maambukizi ya bakteria kwenye damu ya watoto nayo yalipungua.

Kwa hiyo mchanganyiko wa kweli ulikuwepo, na ulikuwa wa malaria na ukoo wa taifodi, ila si taifodi yenyewe, na Widal haikutengenezwa kuutafuta. Watoto wa Muheza waliokuwa na bakteria kwenye damu, wenye malaria na wasio nayo, walikuwa 341. Walikufa 58, yaani asilimia 17. Wasiokuwa nao walikufa asilimia 3.8.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limetaka kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kwanza, na vile vitepe vimefika hadi zahanati za vijijini. Jambo jema. Lakini kitepe kikionyesha mstari mmoja tu, mgonjwa bado anaungua, na mganga bado hana kifaa kingine mezani. Mara nyingi huandika antibiotiki na kumwomba Mungu. Kwa mtoto mwenye malaria kali katika maeneo yenye malaria nyingi, mwongozo wa shirika hilo unataka apewe dawa ya malaria na antibiotiki pamoja tangu saa ya kwanza, hadi bakteria watakapothibitika hawapo. Muuguzi anachanganya dawa mbili, anaandika mistari miwili kwenye faili. Kama maabara inaweza, damu inawekwa kwenye chupa na chupa inaingizwa kwenye kabati la joto. Majibu ya mstari wa pili yatatoka keshokutwa, umeme usipokatika.